Sauti Tano Mlangoni

Mara ya kwanza Mwende kumgusa Aristote, alimvunja pua.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika soko la barabarani la Barking, mashariki mwa Landani, na watu walikuwa wamebanana kati ya meza za ndizi mbichi, mihogo na mashuka ya bei nafuu. Mwende alikuwa amevaa koti la kijivu lililomfika magotini, na shingoni amejizungushia skafu ya rangi ya machungwa aliyofumiwa na Maureen, mwenzake wa nyumba. Alikuwa akichagua viazi vitamu aliposikia meza ikipinduka. Vijana wawili walikuwa wakikimbizana katikati ya umati. Wa mbele alikuwa akivuja damu sikioni, wa nyuma ameshika kisu kirefu cha jikoni. Watu wakatawanyika. Mama mmoja akaangukia kigari cha mtoto. Mwende akabaki pale pale, kiazi mkononi.

Ndipo mkono ukamshika skafu kwa nyuma na kumburuta. Pumzi ikamkatika. Mwende alikuwa mtu wa haya, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, lakini katika mfuko wa plastiki alikuwa na samaki wawili wa barafu, wagumu kama matofali. Aliuzungusha ule mfuko kwa nguvu zake zote. Ukatua usoni mwa mtu, na kitu kikalia kakk.

Mbele yake, pale alipokuwa amesimama, kisu kikapita na kuchana turubai la muuza vitunguu kutoka juu hadi chini.

Aligeuka. Aliyemvuta alikuwa ameketi juu ya kreti, kijana mrefu mwenye koti la ngozi la kahawia na viatu vya ncha vilivyong'aa, shati jeupe likiloa damu. Mwende alikuwa muuguzi. Haya ikamtoka, kazi ikaingia.

"Inama mbele, kaka. Si nyuma, mbele. Bana hapa."

"Dada," kijana akasema kwa sauti ya puani, "una mukono ya mwanaume."

"Na wewe una mkono wa mwizi. Mtu anavutwa kwa shingo?"

"Ningekuita kwa adabu, ungenisikia?"

Alikuwa Mkongomani, mtu wa Bukavu. Alimjua Mwende kuwa mtu wa Kiswahili kwa sababu, wakati anapiga, alikuwa amelia "Mama yangu." Walikaa pale hadi polisi walipokuja na kuondoka, na mwishowe akamwomba namba ya simu, akisema pua ikipinda atahitaji kujua pa kuipeleka.

Ilipinda. Akapiga simu kumwarifu. Kesho yake akapiga tena kusema imepinda zaidi, upande wa kushoto, na sasa kila akitembea anajikuta anaelekea kwa Mwende. Mwende alicheka peke yake jikoni hadi Maureen akaja kuchungulia.

Kila Jumanne jioni Mwende alifundisha kwaya ya parokia. Alisomea muziki kidogo chuoni kabla ya uuguzi, na kwa mtu asiyeweza kuagiza chai bila kushusha sauti, mbele ya kwaya aligeuka kuwa mtu mwingine. Mwaka ule Wakenya na Wakongomani wa parokia walikuwa wameunganishwa kuwa kwaya moja, na yeye ndiye aliyependekeza wimbo wa Sikukuu ya Watoto Mashahidi. Ulikuwa wimbo wa Kilatini wa sauti tano, uliotungwa mwishoni mwa karne ya kumi na sita na padri ambaye jina lake lilikuwa limepotea. Sauti haziingii pamoja. Moja inaanza, ya pili inayachukua maneno yale yale, ya tatu inafuata, hadi zote tano zinasukana. Sauti za juu ni akina mama wa Bethlehemu wakibembeleza watoto wao. Tenori na besi ni askari wa Herode.

Mwende alimwalika Aristote, na mazoezi ya kwanza yalivurugika kwa sababu ya noti moja. Wakenya walikuwa wamefundishwa kwamba do inahama. Wimbo ukianzia juu, do inapanda nao, ukianzia chini, inashuka. Aristote na wenzake walifundishwa na mapadri wa Kifaransa kwamba do ni moja, ipo mahali pake tangu kuumbwa kwa piano, haihami. Kwa hiyo Mwende aliposema, "Nipeni do," nusu ya ukumbi ikaimba huku na nusu ikaimba kule, na mlio uliotoka ukamfanya mzee Naftali wa besi azibe masikio.

"Do yako imetoka wapi?" Mwende akamuuliza Aristote.

"Yangu haijatoka. Ni yako inayotembea-tembea."

"Inafuata wimbo unakokwenda."

"Mwanamke anayehamisha do, mwalimu, atanihamisha na mimi."

Wanawake wa soprano wakacheka, na Mwende akainamia karatasi zake ili asionekane uso. Usiku wa siku ile hawakukata simu mapema. Yeye alimwita "mtu wa pua," Aristote alimwita "cheri" na "mwalimu wangu." Alifanya kazi Croydon, kubomoa majengo ya zamani ya ofisi. Kila jioni alirudi na vumbi kwenye nyusi, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, na Mwende akajifunza kupenda harufu ya sabuni iliyochanganyika na saruji. Kitu kimoja tu kilimkwaza. Aristote aliishi na mama yake, hapo hapo Barking, na kila Mwende alipotaka kwenda kumsalimia alipewa sababu mpya. Mama amechoka. Mama ana mafua. Mama hapendi wageni.

Kisha wakafika kwenye askari.

Mwende alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, juu ya mstari wa tenori: KWA NGUVU. Wanaume walipoingia, aliwakatisha. Wakaingia tena, akawakatisha tena.

"Mnaingia kama wageni waliochelewa harusi. Ninyi ni askari. Mmekuja kuua. Nataka mlango uvunjike." Kisha akaona. "Aristote, hata hufungui mdomo."

"Siimbi hii fasi ya askari."

"Kwa nini?"

"Siimbi tu."

Ukumbi mzima ulikuwa ukiwatazama, na kila mtu alijua habari zao. Mwende alihisi damu ikimpanda masikioni. Mtu wa haya akibanwa mbele za watu huweza kusema neno ambalo mtu jasiri asingelisema.

"Basi umekuja kufanya nini? Kutuonyesha viatu?"

Watu wakacheka. Aristote akashika stendi ya chuma iliyokuwa mbele yake na kuirusha. Hakumlenga mtu. Iligonga ukuta, ikarudi, na mguu wake wa chuma ukampasua mzee Naftali juu ya jicho. Karatasi zilikuwa bado zinaanguka alipofika mlangoni. Nje walimsikia akipiga ngumi ukuta, mara nyingi, kama yuko kazini.

Mwende alimfunga Naftali jeraha.

Maureen, aliyeimba soprano kwenye kwaya ile ile, ndiye aliyelisema lile neno, jikoni kwao usiku ule. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa akimenya vitunguu na machozi yakimtoka. Alisema watu waliotoka kule vitani hujui nani alikimbia na nani alikimbizwa. Mtu anakataaje kuimba askari, wimbo tu, kama hawajui askari kwa ndani? Na ile hasira, na yule mama anayefichwa.

Mwende alimwambia anyamaze. Lakini lile neno lilimwingia na kukaa. Wagonjwa walimsemesha wodini naye akawa anaona mikono ya Aristote, mikubwa, yenye makovu ambayo hakuwahi kuyauliza. Mchana mmoja, wakati wa mapumziko, akampigia. Nyuma ya sauti yake mashine za kubomoa zilikuwa zikinguruma.

"Cheri," Aristote alisema haraka, "nilitaka kukupigia. Yule mzee, jicho lake…"

"Aristote, uliwahi kuwa askari?"

Ukuta mmoja uliporomoka huko Croydon. Aliusikia ukiporomoka.

"Uliwahi kuua mtu?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza."

Simu ikakatika, na tangu hapo haikupokewa tena.

Aristote alikosa mazoezi ya Jumanne, na ya Jumanne iliyofuata. Mwende alipungua hadi sare ya kazi ikawa inaning'inia. Hakujua anaogopa nini zaidi, kwamba Aristote aliua au kwamba hakuua na yeye amemuuliza. Hatimaye mzee Naftali, mwenye plasta bado juu ya jicho, akasema jambo hili lina njia yake. Kwao mwimbaji akipotea, kwaya humfuata nyumbani. Hawapigi simu wala kutuma mtu. Wanasimama mlangoni na kuimba, na aliyenuna hutoka hata kama hataki, kwa sababu hakuna anayeweza kusikia sauti yake mwenyewe ikikosekana akabaki amelala. Wakenya wote walikubali. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi. Kati ya Wakongomani, wawili walitazamana, wakasema wao hawatakwenda, na hakuna aliyewauliza sababu.

Wakaenda Jumapili baada ya misa, kumi na kitu hivi, wanawake kwa magauni ya kanisani na makoti mazito, hadi ghorofa la nne la jengo la saruji ambalo korido yake ilirudisha kila sauti. Mwende ndiye aliyechagua wimbo. Alitaka Aristote asikie pale panapomhitaji. Akasimama mbele ya mlango wa kijani, akavua koti, akainua mkono wa kushoto.

Soprano wakaanza, laini. Alto wakafuata. Kisha Mwende akawapa ishara wanaume, nao wakaingia kama alivyowafundisha, kwa nguvu, Naftali akikanyaga sakafu kwa kisigino, na korido ikanguruma.

Mlango ukafunguka ghafla. Mwanamke mfupi, mwenye kitenge cha bluu na kilemba kilichofungwa ovyo, alikuwa ameshika sufuria kwa mikono miwili, maji ya bukari, ugali wa kwao, yakichemka ndani. Hakuuliza kitu. Aliyamwaga yote.

Mkono ulioinuliwa ndio ulioyapokea. Mwende hakusikia maumivu mara moja, alisikia kwanza sauti ya maji yakigonga ukuta. Kisha ngozi ikawaka kuanzia kwapani hadi vidoleni na akapiga yowe ambalo lilimaliza wimbo. Yule mama alikuwa ameshatupa sufuria na kushika mwiko, mwiko mkubwa wa mbao, na alikuwa akimpiga Naftali kichwani, mabegani, pale pale kwenye plasta, huku akilia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka.

"Huyu hamumubebi. Mulibeba wote. Huyu hamumubebi."

Waimbaji walikanyagana wakirudi kwenye ngazi. Mtu alianguka. Maureen alikuwa akipiga kelele za kuita ambulensi. Aristote alitokea kwenye ngazi na mfuko wa mkate mkononi, akawapita kwa mabega, akamkumbatia mama yake kwa nyuma, mwiko na vyote, wakaanguka pamoja kizingitini.

"Ni kwaya, mama. Mama Sidonie, tazama. Ni watu wa kanisa."

"Hata wale walikuwa watu wa kanisa," mama akasema.

Aristote akamwondolea mwiko mkononi.

Aliyemkatia Mwende mkono wa gauni kwa mkasi alikuwa Aristote. Alimkalisha kwenye ukingo wa bafu, akafungua maji ya baridi na kuushikilia mkono wake chini ya bomba. Naftali na Maureen walikuwa sebuleni na mama. Walisikia Naftali akimwomba radhi, tena na tena, kwa sauti ya mtu mzima anayelia.

Ndipo Aristote akamsimulia, bila kumtazama, akiyatazama maji. Kijijini kwao, juu ya Bukavu, kwaya ya parokia ilikuwa na desturi ya kupita nyumba hadi nyumba kuelekea Noeli. Jioni moja waliwasikia wakija. Sauti nne, wimbo walioujua wote. Baba yake akasema mwaka huu wamejiandaa kweli. Dada yake Miradie, aliyekuwa anaimba alto, akaanza kuitikia akiwa ndani. Mama akasema wekeni chai, akaenda kufungua mlango mwenyewe. Waliingia watu wenye mapanga, wakiwa bado wanaimba. Walimpiga baba panga kabla ya kumaliza ubeti. Miradie walimchukua, na hakuna aliyemwona tena. Aristote alikuwa mtoto, chini ya kitanda, na mdomo wake ulikuwa bado umefunguka kwa ajili ya noti iliyokuwa ikifuata.

Maji yaliendelea kukimbia.

"Waliimbaje?" Mwende akauliza. Ilimtoka tu.

"Muzuri. Hawakupiga kelele, hata mumoja. Ndiyo maana tulifungua." Akafikiri. "Tenori yao ilikuwa tamu kuliko yangu."

Mwende akakumbuka ile karatasi. Nakala ya yule padri haikuwa na alama yoyote ya kupandisha wala kushusha sauti, watu wa enzi zile hawakuziandika. Wino mwekundu ulikuwa wake. Na ule mstari wa askari, ambao alikuwa ameuimba mara nyingi bila kuusikia, ulikuwa ni ule ule wa akina mama. Wimbo wa kubembeleza, noti kwa noti, umeshushwa tu chini. Yule padri alijua jinsi milango inavyofunguliwa.

"Nilikuuliza kama uliua," alisema.

"Uliniuliza."

"Nisamehe."

"Jibu ni hapana," Aristote akasema. "Lakini si kwa sababu sikutaka. Nilikuwa mutoto, sikuwa na kitu mkononi. Nikiwa kule kazini, kila ukuta ninaoubomoa una mutu nyuma yake. Ile stendi, Mwende, ingeweza kukupata wewe. Hicho ndicho kinachoniamshaka. Kama utaniacha kwa ajili ya stendi, nitaelewa. Kwa lile lingine nisingeelewa."

Mwende akaushika mkono wake kwa ule wake mzima, ngumi yenye magamba ya vidonda vya ukutani. "Hutarusha kitu tena," alisema. "Ukitaka kurusha, utaniambia kwanza, nitatoka, nitakufungia mlango, utarusha mito."

"Mito?"

"Mito na shuka. Vyombo ni vyangu."

Hakucheka, lakini aliegemeza paji la uso begani kwake, na maji yakawalowesha wote wawili hadi ambulensi ilipofika.

Siku ya Watoto Mashahidi Mwende aliongoza kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa bandeji hadi kwenye bega. Wanaume aliwaambia neno moja tu, waimbe kama mtu anayelaza mtoto. Askari wa Herode wakaingia kwa upole kiasi kwamba waumini wengine walitabasamu, kabla ya kusoma tafsiri ya maneno kwenye karatasi. Tabasamu zikakatika. Mwanamume mmoja wa benchi la nyuma alisimama na kutoka nje haraka, mkono mdomoni. Aristote hakuwa upande wa tenori. Alikuwa amesimama kati ya wanawake wa alto, mrefu kuliko wote, kwenye mstari ambao Miradie angeuimba, na sauti yake ilipasuka na kupasuka na hakuiacha.

Alimchumbia kwa simu, akiwa ndani ya tramu, kwa sababu alisema akimwona uso atasahau maneno. Mwende akamwambia ndiyo kabla ya kituo kilichofuata. Kilichobaki kilikuwa shangazi Margaret, dada wa baba yake, aliyekuwa mzazi wake huku Landani. Shangazi hakumkataa Mkongomani wala pua yake. Alichokitaka ni desturi. Wakwe wakija kuposa husimama nje na kuimba, wanawake wa ndani hushika mlango na kuwajibu kwa nyimbo za kejeli, na hawafungui hadi wageni waimbe vizuri. Mwende alimweleza yote, akamwonyesha kovu. Shangazi akalia, akamkumbatia, akasema ameelewa kabisa. Kisha akauliza, hata ubeti mmoja hauwezekani? Hata nusu, Mwende akamjibu.

Siku ikafika. Mwende alikaa chumbani kwa shangazi yake, gauni la kijani kibichi, mkufu wa shanga, nywele zimesukwa upya. Sebuleni kulikuwa kumejaa wanawake wa Kikamba, na kila mmoja alikuja na sauti yake. Milango ya magari ikafungwa nje. Hatua zikaja hadi kizingitini, zikasimama.

"Mbona hawaanzi?" mmoja akanong'ona.

"Labda hawajui jinsi inavyoanza," mwingine akasema.

Labda ilikuwa desturi, labda ilikuwa mazoea tu ya koo, lakini mwanamke mmoja karibu na mlango akaanza, na wengine wakamdaka, wa pili, wa tatu, sauti zikasukana, nzuri, nzuri mno. Mwende alitoka chumbani. Kwenye kioo cha mlango chenye ukungu aliona kivuli kifupi chenye kilemba, mbele ya wengine wote. Alikiona kikirudi hatua moja nyuma.

Hakuomba radhi. Aliwasukuma. Alipita katikati ya shangazi zake kwa viwiko, glasi ya juisi ikaanguka na kupasuka, mtu akamshika mkono wa gauni na mshono ukaachia, na Margaret mwenyewe alikuwa ameegemea komeo akiimba kwa macho yaliyofumbwa. Mwende akamkamata mabega na kumtoa pale, kwa nguvu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mkubwa yeyote maishani mwake. Akavuta komeo.

Wimbo ukafa nyuma yake, sauti moja baada ya nyingine.

Mama Sidonie alikuwa amesimama nje, mikono imekunjwa ngumi kifuani. Nyuma yake Aristote alikuwa ameshika bega lake, uso umepauka. Mama alimtazama Mwende, gauni lililochanika, kisha ule mkono wa kushoto wenye kovu lililokuwa bado jekundu. Alitazama ndani, wanawake wale wote wakiwa wamefumba midomo.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo, ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Karibu, mama," Mwende akajibu.